Saruji ya Jahazini na Manowari ya Waaustralia

Wiki hii nimekesha na maisha ya manowari moja ya Australia, HMAS Darwin. Ni frigeti ya mita 138 hivi, ilijengwa Seattle, Marekani, ikaanza kazi rasmi mwaka 1984 na kustaafishwa Desemba 2017. Kurasa nyingi nimezipitia juu juu tu: Ghuba ya Uajemi mwaka 1990 baada ya Iraq kuivamia Kuwait, Timor Mashariki mwaka 1999, mazoezi, matengenezo, ziara, halafu mazoezi tena.

Nilipofika Aprili 2014 nikakaa kitako.

Darwin ilikuwa doria chini ya kikosi cha wanamaji wa mataifa mbalimbali chenye makao yake Bahrain. Kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Mombasa ikasimamisha jahazi, wanamaji wakapanda kupekua. Shehena: saruji. Hapo mtu wa Tanga lazima acheke. Nani akate bahari yote hiyo na saruji kuja upande wetu, ilhali Pongwe pale tunaisaga wenyewe? Wakachokonoa, na katikati ya mifuko wakatoa heroini kilo 1,032.

Ukiipima kwa mifuko ya saruji ya kilo 50, haifiki hata mifuko 21. Kirikuu kimoja, kikizidishiwa kama kawaida yetu, kinaubeba mzigo wote kwa tripu moja. Nikataka kuzigeuza kilo hizo kuwa kete, vile vipakiti vya kuuziwa mtaani, nikaacha. Huku Ngamiani kuna kijana niliyecheza naye chandimu, fundi mzuri wa kuchomelea mageti. Siku hizi unamkuta kona amesinzia wima, magoti yamekunjika nusu, mkono unakaribia kugusa lami, na haanguki. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimbana anagonga mlango kuomba mia tano, na mama anampa, kwa sababu anamkumbuka akiwa na daftari mkononi.

Jana nikampigia mjomba, aliyekuwa nahodha wa majahazi enzi zake. Baada ya shikamoo nikamsomea habari yote. Saruji wala haikumshangaza. Aliuliza mwezi.

"Aprili? Basi huyo alikuwa anawahi, mwanangu. Kaskazi imeshakwisha, kusi hiyo inaingia. Kusi ikichachamaa, mwenye chombo kidogo anatulia bandarini."

Ndiyo njia yenyewe ya miaka hiyo: afyuni ililimwa Afghanistan, heroini ikashuka hadi Makran, pwani ya Iran na Pakistan, kisha ikapakiwa majahazini kuja huku. Ni bahari ileile iliyotuletea tende, ila sasa kuna watu wamejificha ndani ya biashara ya wazee wetu.

Mzigo wa Darwin uliteketezwa. Lakini kwa kawaida doria hizi zikikamata unga bahari kuu, mabaharia huachiwa waende zao na chombo chao, maana kumpata wa kuwashtaki ni shughuli. Hili limenikera kuliko yote. Mwaka 2016 manowari hiyohiyo ilikamata chombo kingine karibu na Oman, bunduki karibu 2,000 ndani yake. Kazi nzuri, sibishi. Ila ukisoma yote kwa mfululizo unaona mizigo tu, wenye mizigo huwaoni.

Mjomba anaona Kenya ndiyo waliofanya la maana. Agosti 2014, miezi michache tu baada ya tukio la Darwin, waliilipua baharini meli Al Noor iliyokutwa na heroini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia mwenyewe.

"Chombo kimekwenda, hakirudi tena," akasema.

Nikamwambia, mjomba, chombo hununuliwa kingine. Aliyekipakia yuko nchi kavu, amekaa sebuleni na simu zake tatu.

"Sasa hiyo manowari yako itapandaje nchi kavu?" akanijibu, akakata simu akaswali.