Nyanya za mjomba zilivyonyauka na udongo umelowa

Masika ya 2018 ilikuwa maji tu, huku kwetu Malindi mto Sabaki ulijaa ukaingia mpaka mashambani kwa watu. Shamba la mjomba halipo ukingoni kabisa kwa hivyo mto haukutufikia, lakini mvua ilituama kwenye mitaro katikati ya matuta, na nyanya zilikuwa zishazaa, yaani tushaanza kuulizia kreti.

Mvua ikapumzika, likatoka lile jua kali la baada ya mvua. Mchana nikaona mashina kadhaa yamelegea, jioni yakainuka, mjomba akasema ni jua tu. Kesho yake hayakuinuka. Na majani bado kijani, hayana manjano wala doa, ndio tukachanganyikiwa wote manake mmea unakufa na afya yake! Vijana wa shamba wakaona ni kiu wakawasha pampu. Mi nikachota udongo nikaukamua, maji yakachuruzika, nikamwambia mjomba hizi hazina kiu jamani, akaamrisha pampu izimwe.

Jirani akasema ni jicho. Muuza dawa mmoja akamuuzia mjomba dawa ya ukungu, tena ya bei, ikapigwa, wapi. Ugonjwa unateremka na mtaro ule ule maji yanakopita, tuta la juu likiisha la chini linafuata.

Ndio akaja mama mmoja afisa wa kilimo. Aling'oa shina akalikata karibu na mizizi, ndani kushakuwa rangi ya kahawia, akaomba glasi ya maji safi akakining'iniza kile kipande humo. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye shina. Mjomba kimya.

"Mzee, huu ni mnyauko wa bakteria, na hiyo ulopiga ni dawa ya ukungu. Huu ukishaingia kwenye shina hauna dawa."

Akatueleza bakteria huyo anaitwa Ralstonia solanacearum, yumo udongoni na anaweza kukaa humo miaka, anaingia kwa vidonda vya mizizi kisha anaziba njia za maji ndani ya shina, ndio maana mmea unanyauka na umesimama majini. Joto na udongo uliolowa ndio anavyovipenda, halafu maji ya mtaro, jembe, hata viatu vyetu vinamsambaza.

Mke wa mjomba kilichomuuma ni mnavu wake, alioupanda pembeni kwa mboga ya nyumbani. Afisa akasema nao utoke, ni jamii moja na nyanya, biringani na pilipili, wote wanambeba. Mke wa mjomba alisononeka kweli, na mimi nilimuonea huruma kuliko hata hizo nyanya.

Tuling'oa yote na mizizi yake tukachoma pakavu, hatukutupa mtoni manake kuna wenzetu kule chini wanamwagilia maji hayo hayo. Pale pakapandwa mahindi misimu na misimu. Nyanya zikahamia juu penye mteremko, matuta yakainuliwa, na jembe la kule mjomba akalitenga kabisa, ukilishusha huku mnagombana.