Kijiwe Ndani ya Kiatu cha Kaka
Siku ya tatu baada ya kurejea nyumbani kutoka ughaibuni, nilikoishi kwa miaka 11, nilikuwa nimeketi na kaka yangu mkubwa jioni alipovua viatu, na kutoka katika kiatu cha kulia kikadondoka kijiwe kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Soksi ilikuwa imelowa damu na ngozi chini ya kidole gumba ilikuwa imechubuka vibaya. Nilipomuuliza alikuwa amekikanyaga tangu saa ngapi, alinitazama kwa mshangao. "Mdogo wangu, sikusikia kitu."

Ndipo nilipojua kwamba ana kisukari, na kwamba aligundulika miaka minne iliyopita. Kila nilipopiga simu niliambiwa kuwa wote ni wazima, wala siwalaumu, kwa kuwa ugonjwa usiouma ni rahisi kuusahau. Lakini sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu na mishipa midogo ya damu. Miguu hufa ganzi, na mtu hupoteza maumivu, ambayo ndiyo mlinzi wake wa kwanza. Kidonda asichokisikia huendelea kuchimbika, damu haikifikii ya kutosha, na wengi hupoteza mguu kwa njia hiyo.

Nilimsindikiza kliniki. Daktari alipomaliza kusafisha kidonda alinigeukia mimi: akaniuliza umri, kazi yangu ya kukaa kutwa nzima na habari za presha, akanizungushia utepe kiunoni, kisha akaniambia kuwa kwa kuwa ndugu yangu wa damu ana kisukari cha aina ya pili, mimi pia nimo hatarini. Nilirudi asubuhi bila kula, na kipimo cha sukari katika damu kikasoma milimoli 6.4 kwa lita. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 7.0 na kuendelea ni kisukari, nami nimo kati ya 6.1 na 6.9, yaani nimekwisha kuanza safari ile ile bila dalili hata moja.

Nilidhani ni msiba wa nyumba yetu peke yake. Shirika hilo linakadiria kuwa waliokuwa na kisukari duniani walikuwa milioni 200 mwaka 1990, na kufikia 2022 walikuwa milioni 830, zaidi ya nusu yao wakiwa hawatumii dawa. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na watu kuishi umri mrefu, jambo la kushukuru. Sehemu kubwa inatokana na uzito uliozidi, hasa mafuta ya tumboni, na miili isiyofanyishwa kazi. Hata hivyo naumia ninaposikia wagonjwa wakiitwa walafi. Urithi una nguvu yake, na mtoto mwenye aina ya kwanza, ambaye kinga ya mwili wake imeangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, hana kosa lolote.

Kinachonipa moyo ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali kama yangu. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58 katika muda wa takriban miaka mitatu, zaidi hata ya waliopewa metfomini, dawa ya kushusha sukari. Dakika hizo nimeanza kuzitembea.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni dada yetu mdogo. Sukari yake ilipanda alipokuwa mjamzito, ikashuka alipojifungua, na tangu hapo hajapima, ingawa historia hiyo pekee inamweka katika hatari kubwa kwa maisha yake yote. Nimezungumza naye kwa siku kadhaa, amekubali, na Jumamosi tunakwenda pamoja. Kaka naye atakuja kubadilishwa bandeji. Siku hizi, kabla ya kuvaa viatu, huingiza mkono ndani na kupapasa taratibu hadi kwenye ncha.