Msituni Ngezi na Mpwa Wangu

Mpwa wangu ana umri wa miaka 14, na tangu likizo ilipoanza hakuwa na mazungumzo mengine ila Bigfoot, lile jitu la manyoya linalosemekana kuishi katika misitu ya Amerika Kaskazini. Katika simu yake alikuwa amehifadhi filamu fupi iliyopigwa na Roger Patterson na Robert Gimlin tarehe 20 Oktoba 1967, huko Bluff Creek, kaskazini mwa California, inayomwonyesha kiumbe wa manyoya meusi akipita kando ya mto kwa miguu miwili, akageuza shingo kutazama nyuma, kisha akaendelea na safari yake kuelekea mitini. Aliniuliza, "Mjomba, wewe unasadiki?" Sikutaka kumjibu kwa neno moja. Nilimwambia kwamba Pemba, katika msitu wa Ngezi, yupo mnyama ambaye hatuna shaka alifika huko, kwa sababu waliomleta ni watu wenyewe, na juu ya hivyo mtu anaweza kupita msituni siku nzima asimwone. Twende tukamtafute, nikasema, halafu tutazungumza habari za kusadiki.

Tuliondoka bandari ya Malindi asubuhi mapema. Tulipoanza kuvuka mkondo wa Nungwi bahari ilichafuka, wahudumu wakapita wakigawa mifuko, na kijana akaniomba nimzungumzishe ili asahau tumbo lake. Nikamsimulia jinsi jina la Bigfoot lilivyopata umaarufu. Mwaka 1958 dereva wa tingatinga aitwaye Jerry Crew, aliyekuwa kazini kwenye barabara mpya katika misitu hiyo hiyo ya Bluff Creek, alikuta nyayo kubwa mno karibu na mashine yake. Akamwaga plasta katika unyayo mmoja, akapigwa picha ameshika lile umbo, na gazeti la Humboldt Times likalieneza jina hilo hadi likavuka mipaka ya jimbo. Alipofariki Ray Wallace mwaka 2002, ambaye ndiye aliyekuwa mkandarasi wa kazi ile, jamaa zake walitoa miguu ya mbao, wakasema ndiyo aliyoitumia kuchapa zile alama.

"Basi Crew alisema uongo?" mpwa wangu aliuliza, na swali hilo ninalithamini hadi leo. Nilimjibu kuwa sioni uongo wake. Crew aliona nyayo, akasema ameona nyayo. Waliouvisha unyayo ule mwili, macho na manyoya ni wengine waliokuja baada yake.

Tulishuka Mkoani adhuhuri, tukapanda daladala hadi Chake Chake na nyingine hadi Wete, tukafikia kwa mama yangu mkubwa. Baada ya isha alituandalia mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, tukakaa barazani, na kijana akamwonyesha bibi yake ile filamu. Bibi aliitazama mara mbili bila ya kusema kitu. Kisha akaanza mwenyewe kuzungumza habari za mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, ambapo Pemba na Unguja zilishikwa na hofu ya Popobawa, shetani aliyepewa jina la bawa la popo. Mimi nilikuwa mdogo wakati huo, kijijini kwetu Unguja, na ninachokikumbuka ni mikeka iliyotandikwa nje, moto ulioachwa uwake mpaka alfajiri, na baba akikesha juu ya kigoda huku sisi watoto tumelazwa katikati kama vifaranga.

"Wewe ulimwona, bibi?" kijana aliuliza.

"Mjukuu wangu, mimi sikukiona kitu," alijibu. "Niliwaona jirani wanatoka mbio, na mimi nikatoka mbio. Niliporudi nikaukuta mlango umeng'oka bawaba, na aliyeung'oa ni mimi mwenyewe."

Nilishukuru kwamba kijana aliyasikia maneno yale kwa bibi yake, wala si kwangu. Mwaka ule mjini Unguja kundi la watu lilimuua mtu mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka bara, kwa kudhani kuwa ndiye Popobawa. Simulizi za Popobawa hupendwa sana na wageni, ambao hutaka kujua habari za bawa na za jicho moja, na mara nyingi kifo cha mtu yule hutajwa kwa mstari mmoja au kisitajwe kabisa. Mimi naona kuwa ndicho kitu cha pekee katika mkasa wote ule ambacho hakina shaka hata chembe. Mei 2001 jiji la Delhi nalo lilipatwa na yaliyofanana na hayo, watu walipovumisha kwamba mtu-nyani mwenye kucha anawarukia waliolala juu ya mapaa kwa sababu ya joto; polisi walipokea taarifa nyingi ambazo hazikukubaliana hata juu ya kimo chake, na wapo waliokufa kwa kuanguka walipokuwa wakikimbia. Mtu-nyani hakukamatwa.

Asubuhi tulipanda gari la Konde. Kando ya barabara karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi, na harufu yake iliingia madirishani kila gari liliposimama. Kutoka Konde haikuwa mbali hadi lango la msitu, na hapo tulipokewa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuutembeza msitu ule kwa miaka mingi. Nilipomwambia tumekuja kumtafuta kima punju, alinitazama, akatabasamu. "Tumbili mtawaona, na popo mtawaona. Punju ni riziki ya mtu."

Kima punju ni mnyama wa Unguja, mwenye mgongo mwekundu, nywele nyeupe zilizotimka pembeni mwa uso, na mkono ambao kidole gumba chake kimebaki kama kinundu tu. Jina lake lina maana ya sumu, na wazee wa vijiji vya kusini walikuwa wakisema kuwa mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya na kwamba mti anaoukalia hufa. Ndiye huyo huyo ambaye leo watalii humiminika katika msitu wa Jozani, Unguja, kumpiga picha. Hata idadi yake haikujulikana vizuri: hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata kima zaidi ya 5,800, ambao ni zaidi ya mara tatu ya waliodhaniwa kuwapo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 kima 14 walikamatwa wakaletwa Ngezi ili jamii yao isitegemee kisiwa kimoja. Watafiti waliokuja miaka ishirini baadaye walikuta kikundi kidogo tu.

Tulitembea chini ya mivule na mipapindi, ule mnazi mwembamba wa porini ambao asili yake ni Pemba. Kijana alitangulia, simu mkononi. Alipookota jani lililoliwa nusu alimkimbilia mzee kwa furaha. Mzee alilipokea, akaligeuza, akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo uliokatwa, ambao bado ulikuwa na unyevu. "Limeliwa leo," alisema. "Aliyelila sikumjua. Huenda tumbili, huenda punju, huenda hata mdudu." Akamrudishia.

Wakati tumepumzika juu ya gogo nilimsimulia kijana habari za kijiji cha Khumjung, Nepal, ambako monasteri ilihifadhi kitu kilichoaminiwa kuwa ni ngozi ya kichwa cha yeti, jitu la manyoya linalosemekana kuishi katika milima ya Himalaya. Mwaka 1960 mpanda milima Edmund Hillary aliomba kuichukua ikapimwe, na wanakijiji wakakubali kwa sharti kwamba irudishwe, na kwamba mzee wao, Khunjo Chumbi, aandamane nayo. Ilipelekwa Chicago, Paris na London, ikaonekana kuwa imefinyangwa kutokana na ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Mwaka 2017 wataalamu wa vinasaba wakiongozwa na Charlotte Lindqvist walipima mabaki tisa yaliyohusishwa na yeti, manane yakawa ya dubu na moja la mbwa. Ninaipenda habari hii kwa sababu ya ule mwenendo wa Khumjung. Hawakuficha ngozi yao, wala hawakuiachia iondoke bila ya mwenyewe.

Kijana hakukubali kirahisi, na hoja yake ilikuwa nzuri. Alisema kwamba sokwe wakubwa wamekuwapo kweli, na hapo nilimuunga mkono: mwaka 1935 mtaalamu wa masalia ya kale von Koenigswald alilikuta katika duka la dawa za asili Hong Kong jino la Gigantopithecus, sokwe mkubwa wa Asia aliyetoweka zamani, na sokwe wa milima ya Virunga hakuingia katika vitabu vya wataalamu ila baada ya afisa Mjerumani Robert von Beringe kumpiga risasi mwaka 1902, ingawa watu wa milima ile walikuwa wakimjua siku zote. Kwa hiyo neno la wenyeji si la kutupwa. Lakini Virunga mwenyeji aliweza kukuongoza hadi kwenye kinyesi na kiota cha mnyama. Amerika, mbali na sisi wanadamu, haujapatikana hata mfupa mmoja wa jamii ya sokwe, wa kale wala wa sasa.

Saa tatu na robo, tulipokuwa tukirudi, kitawi juu ya vichwa vyetu kilishuka ghafla kama kilichoelemewa na uzito, kikarudi juu, na majani machache yakadondoka. Kijana alipiga ukelele. Mimi nilikuwa nimegeukia upande wa pili, na nilipoinua macho sikukuta ila majani yanayocheza. Tulisimama pale kwa muda mrefu, mzee amekinga sikio kwa kiganja, lakini msitu ulikuwa umenyamaza.

Langoni lilikuwapo daftari, na mzee akashika kalamu.

"Haya, baba, umeona nini?"

"Kima punju," kijana alijibu haraka.

Mzee hakuandika. "Umemwona uso?"

"Hapana."

"Mgongo?"

"Hapana. Mkia. Mrefu, unaning'inia."

"Rangi yake?"

Kijana aliangalia chini, kisha akanitazama mimi, nami sikumsaidia. "Palikuwa na kivuli," alisema hatimaye. "Sikuiona rangi."

Mzee aliandika saa, mahali, na maneno mawili, *mkia mrefu*, kisha akamsogezea daftari aweke jina lake.