Sindano ya Mgonjwa wa Kumi na Nne

Ilikuwa Ijumaa, benchi la nje bado limejaa. Mgonjwa wa kumi na nne alikuwa kijana wa bodaboda, gego la chini limeoza, na ganzi ya kwanza ilikataa kukolea. Nikamwongezea katriji ya pili, kile kichupa cha ganzi kinachoingia kwenye sirinji. Nikageuka kuivisha sindano kifuniko, kifuniko mkono wa kushoto, sirinji wa kulia, macho yangu yako kwa kijana. Sindano ikapita pembeni, ikazama kwenye kidole cha shahada.

Watu huniuliza, kwani mnazifunika za nini? Sirinji yetu ni ya chuma, haitupwi. Sindano inafunguliwa kwa kuzungushwa, na pa kushika ni kwenye kifuniko. Tena ina ncha mbili: ya mbele ya mgonjwa, ya nyuma ya kutobolea katriji, na hiyo ya nyuma nayo huchoma. Chuoni tulifundishwa kuchota kifuniko kwa mkono mmoja, kikiwa kimelala kwenye trei. Najua. Hata wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu nimewafundisha hivyo hivyo.

Nikavua glavu. Tone la damu, dogo kama kichwa cha kiberiti. Nikanawa kwa sabuni na maji ya bomba, sikukamua, nikavaa glavu nyingine, nikang'oa jino. Sikumwambia mtu. Daktari mzima, kosa la mwaka wa kwanza!

Saa kumi jioni mama anayetuoshea vifaa akaniona nakitazama kidole.

"Daktari, umejichoma?"

Nikakana. Akacheka, akaninyooshea kidole gumba. Mwaka jana, mara mbili, vifaa vyenye ncha vimezama kwenye beseni la povu havionekani.

"Uliandikisha, mama?"

"Nani aliniuliza, mwanangu?"

Tukaenda wote CTC, kliniki ya VVU. Nikapimwa, sina maambukizi. Wakauliza mgonjwa yuko wapi, nikabaki mdomo wazi. Ningesema palepale, kijana akakubali kupimwa na majibu yakawa mazuri, nisingemeza hata kidonge kimoja. Namba aliyoiacha kwenye daftari haikupatikana. Saa 72, mwisho wa kuanza dawa za kinga ya VVU, zilikuwa hazijapita, nikaanzishiwa: kidonge kimoja kila siku, siku 28. Wiki ya kwanza usingizi uliniruka kabisa, na mume wangu alizihesabu siku kuliko mimi.

Muuguzi hakuhangaika sana na VVU. Kwa sindano ya mtu mwenye virusi, alisema, huambukizwa kama watu 3 kati ya 1,000. Alichokikazania ni homa ya ini B, ambayo asiyechanjwa anaweza kuipata hata kwa nafasi 30 kati ya 100. "Chanjo umemaliza?" Nilichoma mbili, ya mwezi wa sita nikapitiwa, miaka imekatika. Mama hakuwa amechoma hata moja, kwa kuwa yeye "si wa kitengo". Mikono inayoosha ncha zetu zote, si ya kitengo!

Siku hizi vyenye ncha havitupwi kwenye beseni, vinalala kwenye trei yao. Sefti boksi, la kutupia sindano, liko mkono wangu wa kulia, likifika robo tatu linaondoka. Vipimo vyangu vya wiki ya 6 na mwezi wa 3 vilitoka salama.

Jana mama alichomwa dozi yake ya tatu. Alifumba macho, akaning'ang'ania mkono, akauliza kama ganzi imebaki nimpake kidogo kwanza.