Sikusema ni Yangu

Tangu Jumatano maneno ya Mama hayajanitoka masikioni.

Tulikuwa kwenye matatu tukirudi Endebess, nimemtoa kliniki ya presha mjini Kitale. Mlima Elgon ulikuwa wazi hadi kilele cha Koitoboss, na si kawaida msimu huu, maana kufikia alasiri mawingu huwa yameshaumeza wote. Mama akanigusa goti, akanyoosha kidole pale chini ya msitu palipobaki peupe.

"Wameikata. Saipresi zile nilizipanda mimi, wewe ukiwa mgongoni."

Nami, macho kwenye simu, nikamjibu: "Mama, ile miti ni ya serikali."

Akanyamaza. Tumekwenda mwendo, abiria wawili wameshashuka, ndipo akasema polepole: "Najua, Nasimiyu. Sikusema ni yangu. Nimesema nilipanda."

Basi. Akafunga leso yake vizuri, akatazama nje.

Kwa nini nilimjibu vile? Dukani nashinda nikisahihisha watu: si dawa hiyo mzee, hiyo ni ya kupe, wewe unataka ya minyoo. Lakini Mama hakuuliza kitu. Alikuwa ananipa habari yake, nami nikamsomea sheria. Wiki hii mkopo wa duka umepita, na nyumbani tumeletewa barua ya posa, lakini nikilala nasikia tu: sikusema ni yangu.

Jana usiku nikampigia. Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza kama viazi vya kule msituni vilikuwa vitamu. Akacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Baba. Akanieleza mambo ambayo miaka 30 sijawahi kuyauliza: kwamba walikatiwa kila mtu kipande chake msituni, wapande miche ya serikali na katikati yake mahindi na viazi vyao, ukipalilia chakula chako umepalilia na mti. Mwaka wa tatu hivi kivuli kinashinda mahindi, unahama. Nyani walikuwa wakivuna kabla yao. Usiku ndovu walipita, akasema, wakienda kuchokoa chumvi kwenye kuta za pango la Kitum, na asubuhi moja alikuta mche umekanyagwa. Akausimamisha kwa fito.

"Ukashika?" nikauliza.

"Ulishika. Ule ulikuwa wa pembeni, karibu na mto. Niliuangalia kila nikipita barabarani."

Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila tulipopanda matatu akang'ang'ania kiti cha dirishani, mimi nikidhani ni kichefuchefu.

Leo nimeamka saa kumi na mbili nikatoka nje kuutazama mlima. Rangi ya samawati, ukungu kiunoni. Jumapili nitaenda, anionyeshe ule wa pembeni ulikuwa wapi hasa.