Mkongojo wa Baba pale Stesheni

Tarehe 29 Oktoba 2012, siku treni ya abiria wa mjini ilipoanza kazi jijini Dar es Salaam, nilipanda na marehemu baba yangu kutoka Ubungo Maziwa kwenda Stesheni. Baba alikuwa fundi wa njia ya reli, mstaafu wa miaka mingi. Tulisimama mwendo wote, tukapita Mabibo, Tabata na Buguruni, naye akisikiliza maungio ya reli chini ya behewa na kukunja uso kila yalipogonga vibaya.

Tuliposhuka, umati ulikimbilia mlangoni. Baba hakuwa na haraka. Alinishika mkono hadi kwenye njia ya pembeni isiyo na treni, akainama kwa taabu, akaulaza mkongojo wake kati ya reli mbili. Aliukata mwenyewe, urefu wa mita moja kamili, nao ukaenea pasipo kubaki hata nafasi ya ukucha.

“Wajerumani walianza kujenga kutoka mji huu mwaka 1905, mwanangu,” akasema. “Mwaka 1907 wakafika Morogoro, mwaka 1914 Kigoma. Kote huko, mita moja.”

Miaka hiyo nilikwisha kuikariri shuleni, ila sikumbuki mwalimu yeyote aliyetutajia upana wa njia. Nikamwambia Baba kuwa asubuhi hiyohiyo treni nyingine ya mjini ilikuwa imeanza upande wa TAZARA, kuelekea Mwakanga, na kwamba huenda siku moja behewa letu lingeunganishwa huko moja kwa moja. Akacheka hadi akakohoa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ilipewa upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za Zambia na za nchi za kusini mwake. Kwa hiyo mji mmoja ulizindua treni mbili siku moja, na milimita 67 tu zikatosha kuzizuia zisikanyage njia moja.

Akataka kwenda kupima na ya huko. Tulitembea hadi Kariakoo, tukapanda daladala la Gongo la Mboto, tukakwama kwenye foleni ileile ambayo treni ilikuja kutuepusha nayo. Tulipofika TAZARA, safari za asubuhi zilikuwa zimekwisha, na mlinzi akakataa katakata mzee yule asishuke relini na mkongojo wake.