Nilivyokikosoa kifaa changu cha kubangulia korosho

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho, hapa Mtwara, ulikuwa kifaa cha kubangulia korosho kwa mkono na mguu: visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho, kanyagio la kuvikutanisha, na mpini wa kupanua ganda likishakatwa. Kukiunda hakukunisumbua sana. Kazi ilikuwa kwenye sura ya tathmini.

Rasimu ya kwanza ilidai ufanisi wa asilimia 92.5. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi: korosho 200, zilizofunguka 185. Tatizo ni kwamba nilihesabu maganda, na soko hununua punje. Daraja la W320, kwa mfano, ni punje nzima nyeupe zinazoingia 300 hadi 320 katika ratili moja, yaani gramu 454. Ikivunjika inashuka bei, hata kama utamu ni uleule. Basi nikarudi kwenye mabaki ya jaribio. Nilikuwa nimeyafunga kwenye mfuko wenye tarehe, na nashauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu korosho hazilali karakana yenye wanafunzi. Punje nzima zilikuwa 118. Ufanisi ukawa asilimia 59.

Hapo usikimbilie kurekebisha. Tenga kwanza zilizovunjika kwa alama ya mvunjiko, maana kila kosa huacha alama yake. Punje 46 zilikuwa na uso laini ulionyooka: hizo zimeguswa na kisu. Punje 21 ziligawanyika mapande mawili kwenye mshono wake wa asili: hizo zimeponzwa na mpini, uliopanua ganda kwa pupa. Zile 15 ambazo hazikufunguka kabisa, punje ilikuwa imegandia ndani.

Zile 46 zilinirudisha kwenye uamuzi wa wiki ya pili. Nilipima unene wa korosho 50 kwa kalipa, zote za gunia moja, nikachukua wastani, kisha nikachomelea palepale kizuizi cha visu, kile kinachoamua visu vikaribiane kiasi gani. Kwa wastani hakuna korosho inayokaa sawasawa: kubwa hukatwa hadi kwenye punje, ndogo haishikwi vizuri. Tena kwenye gunia moja la huku hukutana korosho za mikorosho ya zamani na za mbegu bora zilizotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, kwa hiyo tofauti ya ukubwa ni jambo la kutarajia. Nilikata ule mchomeleo, nikaweka bolti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, yenye nati mbili, moja ya kufunga nyingine. Mzunguko mmoja husogeza kizuizi milimita 1.25, robo mzunguko kama 0.3, na hiyo inatosha. Nikachekecha korosho katika saizi tatu na kuweka bolti upya kwa kila saizi. Katika korosho nyingine 200, zilizoguswa na kisu zilishuka hadi 14.

Zile 15 zilitaka kunipoteza. Nilikuwa tayari kurefusha mpini ili kuongeza nguvu. Daftari likaonyesha kwamba nilizibangua saa tatu tu baada ya kuzipika kwa mvuke. Korosho iliyopikwa huachwa ipoe na kukauka, kwa kawaida usiku kucha, ganda likakamae na punje iachane nalo. Kosa lilikuwa la maandalizi, na mpini mrefu ungeongeza tu punje zinazogawanyika mapande mawili.

Daftari lenyewe niliandika ukurasa wa kulia tu: tarehe, uamuzi, sababu, na ni kitu gani kingenionyesha kwamba nimekosea. Wa kushoto niliuacha mtupu kwa ajili ya kurudi baadaye na kalamu ya rangi nyingine. Sikufuta kitu. Sentensi kama “nimechagua bapa la chuma la milimita 5 kwa sababu ndilo lililokuwepo” inaaibisha, lakini ina faida kuliko sababu nzuri iliyotungwa siku ya kuandika ripoti. Picha zipigwe na rula ikionekana, la sivyo ni mapambo.

Mahojiano yangu ya mwanzo hayakufaa kitu. Niliwauliza akina mama wabanguaji wa Mikindani, “Je, mashine hii ni nzuri?” Wote wakajibu nzuri, nani atamvunja moyo mgeni aliyebeba chuma chake juani? Safari ya pili niliwakabidhi kifaa, nikanyamaza dakika 30 na kuandika kila waliposita. Karakana nilivaa glavu. Wao hupaka majivu mikononi, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza ngozi. Majivu yakichanganyika na mafuta hayo huwa uji mzito, ukaingia kwenye pini ya kanyagio na kuikwamisha. Grisi niliyoipaka iliuzidishia. Sasa pini haina grisi, imelegezwa kidogo, na inafutwa kwa kitambaa kikavu kila sinia moja likiisha.

Kimo sijakirekebisha. Nilikisanifu kwa kiti cha sentimita 45, wao hukaa kwenye vigoda. Nikikata miguu ya fremu, kanyagio linakosa nafasi ya kushuka, hivyo mkono wa kanyagio lazima uchorwe upya. Ripoti imeandika hivyohivyo, chini ya kichwa “Yasiyofanya kazi”.